Namba ya mbele si gramu

Jana nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha tatu, nikakutana na kosa lilelile tena. Swali lenyewe jepesi: gramu 10 za methani, gesi ileile inayochimbwa Mnazi Bay kule Msimbati, zinahitaji gramu ngapi za oksijeni ili ziungue zote? Daftari baada ya daftari, jibu ni 20. Nikamwita mmoja anieleze. Akanionyesha mlinganyo kwa kidole: "Ticha, si imeandikwa mbili hapa?"

Imeandikwa kweli. CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O. Lakini mbili hiyo haijui mizani. Inahesabu vichwa: molekuli moja ya methani kwa molekuli mbili za oksijeni. Mlinganyo wote hautaji gramu hata mara moja, na nimechoka kuona watoto wenye akili wakipoteza alama kwa gramu walizoziweka wenyewe.

Tena sisi wa Mtwara tulipaswa kuwa wa mwisho kukosea hapa. Korosho karanga, yaani zilizobanguliwa, huuzwa kwa madaraja, W180, W240, W320, na namba hiyo ni kikomo cha punje nzima zinazoingia kwenye ratili moja, yaani gramu 454 hivi. Punje ya W180 ina kama gramu 2.5, ya W320 kama gramu 1.4. Ukitaka kila pakiti iwe na punje moja kubwa kwa mbili ndogo, hutapima kilo moja kwa kilo mbili. Utajua kwanza punje ina uzito gani, upate idadi, ndipo urudi kwenye mizani. Hesabu ya moli ndiyo hiyo. Atomu hazihesabiki kwa mkono, basi tunazifunga mafungu ya 6.022 × 10²³, na kila fungu ni moli moja.

Moli moja ya methani ni gramu 16, ya oksijeni gramu 32. Gramu 10 gawanya kwa 16, moli 0.625. Mara mbili, 1.25. Mara 32, gramu 40. Imekwisha.

Kinachonikera zaidi ni hiyo 32. Wapo wanaofika salama kwenye moli 1.25, kisha wanazidisha kwa 16 kwa kuwa jedwali la elementi linasema oksijeni ni 16. Ni 16 ya atomu moja moja! Hewani oksijeni hutembea wawili wawili. Kila unapoandika neno moli, jiulize: moli ya nini? Na tazama balaa lake: 1.25 mara 16 ni 20, jibu lilelile la yule aliyesoma mbili kama gramu. Makosa mawili tofauti kabisa, jibu moja. Nikiona 20 bila njia, sijui nimtibu mtoto ugonjwa upi. Ndiyo maana nadai njia, si ukali.

Chumvi nayo ina yake. Tunasema moli moja ya NaCl ni gramu 58.5, yaani 23 za sodiamu na 35.5 za klorini, ingawa ndani ya chumvi hakuna molekuli ya NaCl; kuna ayoni, yaani atomu zenye chaji, zilizopangana, nasi tunahesabu jozi. Hiyo 35.5 ya klorini si uzito wa atomu yoyote: karibu robo tatu ya atomu zake zina uzito wa 35, zilizobaki 37. Na ukipima gramu 58.5 za chumvi iliyotoka moja kwa moja kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi, hujapata moli moja ya NaCl. Kuna unyevu, na kuna kloridi ya magnesi inayozidi kuuvuta. Mizani hupima vyote bila kubagua.

Kuhusu ile pembetatu ya m, n na M (uzito, idadi ya moli na uzito wa moli moja), ninaifundisha, lakini nina mashaka nayo. Mtoto anafunika herufi kwa kidole, anapata jibu, na hajui alichohesabu ni nini.

Methani nimeiacha, maana 16 yake inagongana na 16 ya oksijeni na kuficha kosa. Jumatatu watapewa propani, iliyomo kwenye mitungi ya gesi ya jikoni: C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O, gramu 22. Anayesoma tano kama gramu ataandika 110. Anayesahau kwamba oksijeni ni wawili ataandika 40. Anayehesabu vichwa kwanza ataandika 80.