Uwanja wa Mbele Ulishe Nyumba Hata Kiangazi

Katika mitaa mingi ya Tabora uwanja wa mbele hufagiliwa kila asubuhi mpaka mchanga unang'aa. Usafi ni jambo jema, ila ardhi isiyoachiwa hata jani moja la kuoza huishiwa rutuba, na mvua za Novemba huisomba. Sisi maofisa ugani wa kilimo tunashauri hivi: fagia njia na mahali pa kuketi wageni, kwingine panda mimea ya chakula inayodumu miaka.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, zikikoma Aprili au Mei mchicha hukauka. Kisamvu cha mpira, mlonge na mbaazi huendelea kwa sababu mizizi yake huenda chini. Kisamvu hicho hupandwa kwa vipande vya shina kama muhogo. Kitwangwe na kuchemshwa vizuri, maana majani mabichi yana sumu. Mbaazi hulisha watu na kuongeza naitrojeni kwenye udongo. Mlonge ukifika kifuani, ukate kilele uchipue matawi ya kuchuma. Ukiuacha urefuke, mtauangalia tu.

Mipapai ndiyo inayowachanganya wengi. Panda miche mitatu kila shimo, usubiri maua. Dume hutoa maua madogo mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Ua la jike ni nene, limebana shinani. Bakiza jike moja kila shimo, na dume moja kwa bustani nzima. Mwembe mmoja uliobebeshwa, yaani uliounganishiwa kikonyo cha mwembe mwingine, unatosha, tena mbali na msingi wa nyumba.

Mashimo yachimbwe kabla ya mvua. Kwa mti wa matunda, sentimita 60 upana na kina. Udongo wa juu uweke kando, uchanganye na debe la samadi iliyooza, kisha urudishe huo kwanza. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Mvua zikielekea kwisha, tandaza majani makavu, lakini acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, kwani mchwa wa huku hupandia humo humo. Kagua kila wiki. Ukiona njia zao za udongo shinani, zibomoe. Maji ya kusuuzia mboga na mchele yasimwagwe barabarani, yapelekwe kwenye miche. Na mwaka wa kwanza weka uzio wa miiba, kwa sababu mbuzi wa jirani hupenda mbaazi changa kuliko nyasi.