Hati ya dola moja: jinsi taka zinavyohamishwa

Katika utafiti wangu wa historia ya mazingira, nyaraka ninazozisoma kwa makini kuliko zote ni hati za kuuziana ardhi, kwa kuwa ndani yake hukutwa mambo ambayo wahusika hawakuthubutu kuyasema hadharani. Hati ninayoirudia mara nyingi zaidi ni ile ya Aprili 1953, ambayo kwayo kampuni ya Hooker Chemical iliiuzia bodi ya shule ya mji wa Niagara Falls, nchini Marekani, kiwanja kwa bei ya dola 1. Kifungu kimoja cha hati hiyo kinaeleza kwamba kiwanja kimejazwa taka zilizotokana na utengenezaji wa kemikali, na kwamba mnunuzi ndiye anayebeba hatari yote, ikiwemo ya watu kuumia au kufa.

Kiwanja hicho ni Love Canal. Mfereji wake ulianza kuchimbwa miaka ya 1890 kwa ajili ya umeme wa maji, ukaachwa kabla haujakamilika, na kuanzia mwaka 1942 kampuni ikafukia humo takriban tani 21,000 za kemikali na kuzifunika kwa udongo wa mfinyanzi. Kwa vipimo vya wakati ule kazi hiyo haikuwa ya ovyo, maana mfinyanzi haupitishi maji kwa urahisi, lakini mfinyanzi hulinda pale tu unapoachwa bila kuguswa. Shule ilijengwa, nyumba zikafuata, barabara na mabomba ya maji taka yakakatishwa humo na kuutoboa mfinyanzi huo. Mvua na theluji za katikati ya miaka ya 1970 zilipopandisha maji yaliyo chini ya ardhi, kemikali zilipanda nayo, zikachuruzika hadi kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu. Agosti 1978 Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya dharura, na Desemba 1980 ikapitishwa sheria iitwayo Superfund, inayowabana waliochafua ardhi hata kama walifanya hivyo miaka mingi kabla ya sheria kuwepo.

Mjadala wa Love Canal huishia kwenye swali la nani alaumiwe zaidi, kampuni au bodi ya shule. Kwa maoni yangu swali hilo linatupotezea jambo kubwa zaidi. Mwaka 1953 hakuna pipa hata moja lililosogezwa. Kilichohama ni dhima, kutoka kwa waliozijua kemikali hizo hadi kwa wasiozijua, na ilihama kwa sentensi chache za kisheria. Ndiyo maana silipendi neno “kuondoa” taka. Ukifuatilia historia hii kwa miaka mia moja na zaidi, utaona kwamba taka huvushwa mpaka fulani, na siasa yote imo katika kuamua mpaka huo ni upi na ng'ambo yake anaishi nani.

London inalionyesha jambo hili kwa utaratibu wa kushangaza. Kiangazi cha mwaka 1858 mto Thames ulinuka kiasi kwamba mapazia ya Bunge yalilowekwa kwenye dawa ya klorini ili wabunge waweze kukaa ndani, na ndipo mhandisi Joseph Bazalgette alipopewa fedha za kujenga mitaro mikuu iliyokizuia kinyesi kisiingie mtoni katikati ya jiji. Ni kazi ninayoiheshimu kwa dhati, kwani kipindupindu kilikoma. Hata hivyo mitaro hiyo ilimwaga kinyesi kibichi katika mto uleule, chini zaidi, huko Beckton na Crossness. Septemba 1878 meli ya abiria Princess Alice iligongwa na kuzama karibu na hapo, na zaidi ya watu 600 wakafa katika maji machafu. Baada ya lawama, tope likaanza kutenganishwa na maji na, kuanzia mwaka 1887, kupelekwa kwa meli na kutupwa baharini. Utupaji huo ulikoma mwaka 1998, na tope likaanza kuchomwa moto. Kutoka barabarani hadi mtoni, kutoka mtoni hadi baharini, kutoka baharini hadi hewani: kila hatua iliitwa suluhisho, na kila hatua ilikuwa suluhisho kwa waliokuwa na sauti pale ilipoamuliwa.

Wasio na sauti hupokea. Mwaka 1982, katika wilaya ya Warren, jimbo la North Carolina nchini Marekani, serikali ya jimbo iliamua kuzika udongo uliochafuliwa kwa mafuta yenye sumu ya PCB, mafuta yaliyomwagwa kinyemela mwaka 1978 kandokando ya mamia ya kilomita za barabara. Wakazi wengi wa wilaya hiyo walikuwa Weusi na maskini, na maji ya visima vyao hayakuwa mbali chini ya ardhi. Zaidi ya watu 500 walikamatwa wakizuia malori. Dampo lilijengwa vilevile, na udongo ule haukusafishwa hadi miaka ya 2000 ilipoanza.

Miaka sita baadaye mpaka uliovushwa ulikuwa wa mataifa. Katika mji mdogo wa Koko, Nigeria, maelfu ya mapipa ya taka hatarishi kutoka Italia yaligunduliwa mwaka 1988 katika ua wa mtu mmoja, aliyekuwa akilipwa kama dola 100 kwa mwezi. Serikali ya Nigeria ilishikilia zirudishwe, na meli Karin B iliyozibeba ikakataliwa katika bandari za nchi kadhaa za Ulaya. Taka ambazo ua wa Koko ulipaswa kuzipokea kimya kimya zilikuwa hatari mno kwa gati za huko zilikotoka.

Mkataba wa Basel, wa kimataifa kuhusu usafirishaji wa taka hatarishi, ulipitishwa mwaka uliofuata, ukaanza kutumika mwaka 1992. Kiini chake ni ridhaa: taka hatarishi hazisafirishwi mpaka nchi inayopokea ikubali kwa maandishi baada ya kuelezwa ni nini. Nchi za Afrika ziliona hiyo haitoshi, na mwaka 1991 zikaafikiana huko Bamako, Mali, kupiga marufuku kabisa uingizaji wa taka hizo barani. Nadhani zilikuwa sahihi. Ridhaa ya Basel husainiwa na ofisi ya serikali katika mji mkuu, ilhali mapipa huteremshwa uani kwa mtu, na bodi ya shule ya Niagara Falls nayo ilikuwa imeridhia, kwa maandishi, kwa dola 1.