Kinyago cha ujamaa si cha enzi za mababu

Ukiuliza Mtwara kuhusu vinyago, utaambiwa kwamba mnara ule wa mpingo uitwao kinyago cha ujamaa, watu wamepandiana mabegani hadi juu, Wamakonde wanauchonga tangu enzi na enzi. Hata mimi niliamini hivyo kwa miaka mingi.

Ukweli ni kwamba mtindo huo ni wa juzijuzi. Ulizaliwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, na anayetajwa kuuanzisha ni Yakobo Sangwani, Mmakonde aliyetoka Msumbiji. Kinyago cha shetani, kile cha viungo vilivyopindapinda, nacho ni cha miaka hiyohiyo, kazi ya Samaki Likankoa. Na jina "ujamaa" lilikuja na siasa ya Mwalimu Nyerere.

Cha kale ni lipiko, barakoa ya ngoma za jando na unyago. Huchongwa kwa mti mwepesi, kwani mchezaji huivaa akicheza, na mpingo ungemvunja shingo. Itazame kwa karibu: nywele halisi za binadamu zimebandikwa kichwani, chale zimepangwa mashavuni, na kwenye za kike mdomo wa juu umetokeza kwa ndonya, kile kipande cha mti kinachopachikwa mdomoni kama pambo. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Newala na Mikindani akikusanya vitu vya namna hii kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya mnara wa mpingo, unasoma maisha ya wahamiaji mjini: wachongaji waliovuka Ruvuma kutafuta riziki, wakabuni kitu kipya kabisa.