Rejimenti Haitoshi: Kumtafuta Ndugu Aliyekuwa Katika Rejimenti za Uskoti

Ukiambiwa kwamba babu wa mumeo, au baba wa bibi yako, "alikuwa Black Watch", yaani rejimenti ya Uskoti, bado hujaambiwa alikuwa wapi. Mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, rejimenti hiyo moja ilikuwa na batalioni Ufaransa, Mesopotamia na Salonika kwa wakati mmoja, na batalioni hizo hazikuonana. Rejimenti ilikuwa jina, beji na makao makuu ya kuandikishia. Iliyoshika mahandaki ilikuwa batalioni, watu karibu elfu moja ikiwa imekamilika. Kwa hiyo unatafuta vitu viwili kabla ya vingine vyote: namba ya askari na batalioni yake. Wengi huruka hatua hii, wakajikuta wanasoma habari za vita ambavyo mtu wao hakuvipigana.

Nitatumia Black Watch kama mfano, lakini njia ni ileile kwa Gordon Highlanders, Seaforth, Camerons, Argylls, Royal Scots na wengineo.

Anza na cheti, si na medali

Kuna akina James Robertson na John Stewart wengi mno katika orodha za jeshi. Bila tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi na mtaa alikotoka, utamfuata mtu wa watu. Vyeti vya Uskoti viko kwenye tovuti ya ScotlandsPeople, na usajili wa lazima ulianza mwaka 1855. Uzuri wake ni kwamba cheti cha kifo cha Uskoti hutaja wazazi wote wawili, pamoja na jina la ukoo la mama kabla hajaolewa. Mwanamke wa Uskoti alibaki na jina la kwao kwenye karatasi za serikali, kama mwanamke wa pwani anavyobaki na jina la baba yake, na hilo ndilo linalokuwezesha kutenganisha Robertson mmoja na mwingine. Sensa za 1911 na 1921 zitakuonyesha nyumba aliyoishi kabla na baada ya vita.

Majina yanayoanza na Mac yatafute kwa sura zote: Mac, Mc, na M' yenye alama ya mkato juu. Makarani wa jeshi hawakujali.

Jambo jingine: ofisi za kumbukumbu za Edinburgh hazina mafaili ya askari wenyewe. Jeshi lilikuwa moja kwa Uingereza nzima, kwa hiyo karatasi za kijeshi za Waskoti ziko The National Archives, Kew, London. Edinburgh utaipata familia na wosia.

Namba inasema nini

Kadi ya medali (mfululizo wa WO 372 huko Kew; WO ni Wizara ya Vita) ipo karibu kwa kila askari aliyetumikia ng'ambo katika Vita vya Kwanza. Ina jina, cheo, rejimenti na namba, na kama alifika uwanja wa vita kabla ya mwisho wa 1915, tarehe aliyofika. Mara nyingi haina batalioni. Batalioni itafute kwenye orodha ya medali yenyewe, WO 329. Kadi inakupa rejea ya ukurasa. Watu wengi huishia kwenye kadi kwa sababu ndiyo inayotokea kwanza kwenye mtandao, kumbe jibu liko hatua moja mbele.

Namba nayo isome kwa makini. Herufi S/ mbele ya namba, katika rejimenti za Highland (nyanda za juu za Uskoti), kwa kawaida humwonyesha mtu aliyeandikishwa kwa muda wa vita, si askari wa kazi. Askari wa akiba wa nyumbani, wale wa Territorial, walikuwa na hesabu yao kwa kila batalioni, kuanzia moja. Ndiyo maana watu wawili wa rejimenti moja waliweza kuwa na namba ileile mwaka 1915. Mwanzoni mwa 1917 jeshi liliwapa wote namba mpya za tarakimu sita, kila batalioni na fungu lake. Kwa Black Watch, batalioni ya 4 ilianzia 200001, ya 5 ikaanzia 240001, ya 6 ikaanzia 265001, na ya 7 ikaanzia 290001. Ukiona 266 elfu na kitu, huyo alikuwa katika hesabu ya batalioni ya 6 wakati namba zilipobadilishwa. Ukiona tarakimu nne tupu, usikimbilie kuamua: anaweza kuwa Territorial aliyekufa kabla ya 1917, au askari wa kazi wa zamani.

Na medali iliyo mkononi mwako? Ukingoni imechongwa namba na rejimenti ya kwanza aliyokwenda nayo ng'ambo. Kama baadaye alihamishwa, medali haitakwambia.

Mafaili yaliyoungua

Septemba 1940 bomu la Wajerumani liliwasha ghala la Wizara ya Vita mtaa wa Arnside, London. Takriban asilimia 60 ya mafaili ya askari wa kawaida wa Vita vya Kwanza yakateketea. Yaliyookolewa, mengine yakiwa na kingo nyeusi na madoa ya maji, ni WO 363. Mfululizo wa WO 364 ni wa waliodai pensheni, nao haukuungua. Yote mawili yamepigwa picha na yako Ancestry na Findmypast, tovuti za kulipia ambazo maktaba nyingi za umma Uingereza huwafungulia wasomaji bure. Mafaili ya Scots Guards yaliwekwa kwingine, hivyo yalinusurika.

Ukipata faili, nenda moja kwa moja kwenye fomu B.103. Hiyo ndiyo inayoandika kila alipohama: kikosi, hospitali, likizo, kurudi mstari wa mbele. Usipolipata faili, usikate tamaa mapema. Kadi za pensheni zaidi ya milioni 6 ziliokolewa na Western Front Association, chama cha kuienzi historia ya vita vile, zilipokuwa karibu kutupwa, na zimewekwa kwenye tovuti ya Fold3; zina mjane, watoto na tarehe zao za kuzaliwa. Pia kuna daftari la wapiga kura wasiokuwepo la 1918, linalotaja anwani ya nyumbani, namba na kikosi cha wapiga kura waliokuwa jeshini. Halikuhifadhiwa kila mahali. Ulizia maktaba au ofisi ya kumbukumbu ya mji wenyewe.

Shajara ya vita, na kwa nini haipo unapoitafuta

Kila batalioni iliyokuwa vitani iliandika shajara yake siku kwa siku. Zile za Vita vya Kwanza ni WO 95, na nyingi zinapakuliwa kutoka tovuti ya Kew. Tatizo ni kwamba zimepangwa kwa divisheni (kundi kubwa la batalioni nyingi), si kwa rejimenti, na batalioni zilihamishwa.

Chukua batalioni ya 4, vijana wa Dundee. Vita vya Loos vilipoanza tarehe 25 Septemba 1915, batalioni hii ilikuwa ndani ya Divisheni ya Meerut ya Jeshi la India. Anayetafuta shajara ya Loos chini ya divisheni za Uskoti hataiona. Machi 1916, baada ya hasara kubwa za Loos, batalioni ya 4 iliunganishwa na ya 5, ikaitwa 4/5, ikaingia Divisheni ya 39. Mwaka 1918 ikahamia Divisheni ya 15 ya Uskoti. Kwa hiyo habari za batalioni moja zimegawanyika katika mafaili ya divisheni tofauti, na jina la faili limebadilika katikati. Kabla hujafungua shajara yoyote, andika pembeni orodha ya divisheni zote ilizopitia na tarehe zake. Dundee hawajaisahau siku ile: taa ya mnara wa kumbukumbu juu ya kilima cha Law huwashwa kila 25 Septemba.

Usitarajie kumwona babu kwa jina. Shajara hutaja maofisa. Askari wengine huhesabiwa tu kwa herufi OR (Other Ranks, wasio maofisa), kwa mfano OR watatu wamejeruhiwa. Na siku ya mapigano makali kabisa ukurasa huwa mfupi, kwa sababu mwandishi mwenyewe huenda ameuawa au hajalala siku mbili. Hapo soma shajara ya brigedi, ngazi iliyo kati ya batalioni na divisheni, ambayo iliandikwa nyuma kidogo na huwa na ripoti na ramani.

Kuhusu ramani: ukikutana na kitu kama 36c.G.17.b.5.3, ni mahali kamili. 36c ni karatasi ya ramani. G ni mraba mkubwa, na 17 ni mraba wa yadi 1,000 ndani yake. Mraba huo umegawanywa robo nne za yadi 500: a juu kushoto, b juu kulia, c chini kushoto, d chini kulia. Mwisho ni hatua 5 kati ya 10 kwenda mashariki na 3 kati ya 10 kwenda kaskazini, kila hatua yadi 50. Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeweka ramani za mahandaki mtandaoni bure, na unaweza kuzilaza juu ya ramani ya leo ukaona handaki lilipita shamba gani.

Picha ukutani

Kilti si ushahidi wa kuzaliwa Uskoti. Tangu sheria ya kuandikisha kwa lazima ya Januari 1916, vijana walipelekwa palipohitaji watu, hivyo kuna Waingereza waliovaa kilti na Waskoti waliokufa na rejimenti za Kiingereza. Lakini kilti husaidia: rejimenti za Highland ziliivaa, isipokuwa Highland Light Infantry; zile za Lowland (nyanda za chini) kwa kawaida zilivaa suruali. Tazama kimfuko cha manyoya kinachoning'inia mbele. Vishada vitano vyeusi juu ya manyoya meupe ni Black Watch; vifupi sita vyeupe juu ya meusi ni Argylls. Kofia ya glengarry isiyo na mirabaraba ukingoni ni Black Watch au Camerons. Kijistari cha wima kwenye mkono wa kushoto wa koti, chini ya kiwiko, ni alama ya kujeruhiwa, na ilianza 1916; vipembe vidogo mkono wa kulia ni miaka ya ng'ambo, vilianza 1918. Basi picha yenye vipembe hivyo haiwezi kuwa ya 1915, hata kama nyuma imeandikwa hivyo na shangazi.

Aliyefariki vitani ana karatasi nyingi kuliko aliyerudi

Ndivyo ilivyo, ingawa si haki. Tovuti ya CWGC, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ni bure na inaonyesha kaburi au ukuta wa majina. Orodha ya waliokufa iliyochapishwa na serikali mwaka 1921 huongeza mahali alikozaliwa na alikojiandikishia. Daftari la mali za marehemu huonyesha fedha zilizolipwa na nani alilipwa. Hifadhi ya taifa ya Edinburgh ina wosia za askari wa Uskoti zaidi ya 26,000 za vita vile, nyingi zikiwa mstari mmoja ulioandikwa kwenye kijitabu cha mshahara: mali yangu yote apewe mama yangu. Zinapatikana ScotlandsPeople. Tarehe ya kifo ichukue kwa tahadhari kama mtu alipotea. Mara nyingi ni tarehe iliyokubaliwa miezi kadhaa baadaye.

Maofisa wana mafaili yao tofauti, WO 339 na WO 374. Hawa wafuatilie zaidi kama unatafuta ukiwa Afrika Mashariki, maana maofisa wa rejimenti za Uskoti waliazimwa King's African Rifles (KAR). Kwenye CWGC ofisa wa namna hiyo anaweza kuandikwa chini ya rejimenti yake ya asili, huku kikosi alichokufa nacho kikiwa maelezo ya pembeni. Ukitafuta KAR pekee utamkosa.

Vita vya Pili

Hapa namba husema zaidi. Tangu 1920 kila rejimenti ilikuwa na fungu lake: Black Watch 2744001 hadi 2809000, Gordon Highlanders 2865001 hadi 2921000. Askari alibaki nayo hata akihamishwa, kwa hiyo inaonyesha alikoanzia tu. Walioingia kuanzia katikati ya 1942 kupitia General Service Corps wana namba za tarakimu nane zinazoanza na 14, ambazo hazisemi rejimenti kabisa.

Batalioni ni muhimu vilevile. Divisheni ya 51 ya Highland ilipojisalimisha St-Valery-en-Caux tarehe 12 Juni 1940, batalioni ya 1 ya Black Watch ilitekwa, ya 4 ikaponyoka. Divisheni hiyo iliundwa upya mwaka huohuo kwa watu wengine na majina yaleyale, hivyo mtu wa batalioni ya 1 aliyekuwa El Alamein 1942 si lazima awe aliiona Ufaransa ya 1940. Batalioni ya 2 ilikuwa Somalia ya Waingereza Agosti 1940. Shajara yake iko WO 169, si WO 167 ya Ufaransa. Kwa mateka walioshikwa Ujerumani, WO 392 hutoa namba ya mateka na kambi.

Mafaili ya askari wa Vita vya Pili yamekuwa yakihamishwa kutoka Wizara ya Ulinzi kwenda Kew tangu 2022, na yale yaliyokwisha kuhamishwa huombwa kupitia tovuti ya Kew. Andaa jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, na namba kama unayo. Kama alizaliwa chini ya miaka 115 iliyopita, ambatisha cheti cha kifo, la sivyo faili halitafunguliwa kwa mtu mwingine. Aliyefia Mombasa au Arusha, cheti cha huko ndicho utakachopeleka.