Mtoto kiziwi karudi likizo, nani anaongea naye?

Kila Juni na kila Desemba napata simu zinazofanana. Mama anapiga, yuko Igoma au kavuka na kivuko cha Kamanga kutoka Sengerema, anasema mwalimu huyu mtoto tangu afike anashinda mlangoni tu, chakula anagusagusa, akiliona begi lake analibeba ananionyesha barabara, yaani anataka kurudi shule. Halafu anashusha sauti: "Mwalimu, au hanipendi tena?"

Mi ni mwalimu wa elimu maalumu hapa Mwanza, watoto viziwi na wenye uoni hafifu ndo kazi yangu ya kila siku, na hilo swali bado linaniumiza kila nikiulizwa. Mtoto anakupenda mama. Ila kule bweni anaongea, nyumbani kwenu haongei.

Shuleni kila mtu anatumia Lugha ya Alama ya Tanzania, wenzake, walimu, mpaka mpishi na mlinzi. Anabishana, anasimulia ndoto, anasengenya kama watoto wote. Akifika nyumbani anakuta alama tatu, kula, njoo na acha, basi. Mezani watu wanacheka, anamvuta dada yake amwambie wanachekea nini, dada anamwonyesha mkono kwamba subiri, na hiyo subiri haiishi mpaka watu wanaenda kulala. Wewe ungekaa mwezi mzima hivo? Takwimu za Marekani zinasema watoto zaidi ya 90 katika kila 100 wanaozaliwa viziwi wazazi wao wanasikia, na kwa familia nilizokaa nazo huku ni hivohivo, kwahiyo karibu kila mzazi anaanza sifuri. Sio aibu. Ila sifuri isiendelee mpaka mtoto ana miaka 12.

Sasa turudi nyuma kidogo maana shida inaanza kabla ya shule. Wengi wanaletwa kwetu wana miaka 4, 5, wengine 7. Kabla ya hapo wamezungushwa sana, huyu kasema ni kimio kikatwe, yule kasema ni uzi chini ya ulimi ukatwe ataongea. Jamani, mtoto asiyeongea apimwe masikio kwanza kabla mtu hajamgusa na wembe. Mara nyingi ulimi wake uko sawa kabisa, hasemi kwa sababu hajawahi kusikia neno la kuigiza.

Na kile kipimo cha kugonga sufuria nyuma yake kinadanganya wengi. Mtoto anahisi mtikisiko sakafuni, anaona kivuli chako, anageuka, wewe unasema si umeona anasikia! Kuna pia wanaosikia ngoma na lori vizuri tu lakini sauti nyembamba kama s, f na sh hawazipati, na maneno yamejaa hizo. Huyo ataitwa mkaidi au mzito wa kuelewa mpaka darasa la tatu. Kwahiyo nenda ukapime. Ukisikia mtu anasema bado mdogo hapimiki usikubali, kuna kipimo cha kuweka kitu kidogo sikioni mtoto akiwa amelala na majibu yanatoka, hata kwa kichanga. Wataalamu wanataka mtoto achunguzwe akiwa na mwezi 1, ijulikane kwa uhakika miezi 3, na msaada uanze miezi 6. Bugando wana idara ya masikio, pua na koo, anzia hospitali iliyo karibu nawe uombe rufaa. Hasa kama mtoto aliugua homa ya uti wa mgongo, au manjano makali alipozaliwa, au alizaliwa njiti, au alichomwa sindano za jentamaisini, ile dawa ya kuua bakteria, kwa muda, hapo usisubiri dalili.

Kuhusu vifaa vya kusikia, kabla hujachangisha ukoo mzima uliza betri utazipata wapi, maana zile ndogo zinaisha wiki moja mbili, na kile kipande kinachokaa sikioni kinabadilishwa kila mtoto anapokua, kikipwaya kinapiga filimbi mtoto anakitupa. Huku kwetu jasho na unyevu wa ziwa vinaua vifaa haraka. Usiku toa betri, kifaa kiweke kwenye kopo linalofungwa vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ila kopo likae mbali na watoto. Upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio Muhimbili walianza 2017, unasaidia zaidi mtoto akiwa mdogo, na baada yake kuna miaka ya mazoezi ya kusikia na kuongea. Lakini wakati unatafuta hivo vyote, anza alama leo. Kuna wazazi wanaogopa eti akijua alama hataongea, hapana, ubongo wa mtoto unahitaji lugha yoyote iliyo kamili, na miaka ya mwanzo ikipita bure kuifidia ni kazi ngumu mno.

Mtajifunza kwa nani? Kwa viziwi wenyewe. CHAVITA, chama cha viziwi kilichoanza miaka ya 80, kina watu mikoani. Afisa ustawi wa jamii naye mwulize akuunganishe. Kuna familia moja ya wavuvi nilikuwa naenda kwao, bibi ndo alianza. Alimwalika kijana kiziwi anayeshona viatu jirani aje jioni, wanakunywa chai, anawafundisha alama tano tano. Dagaa, mtumbwi, mvua, jana, kwa nini. Hiyo kwa nini ndo iliyofungua nyumba, mtoto aliuliza kwa nini siku tatu mfululizo.

Kwa macho niseme haraka ila msilipuuze. Ukiona mboni ya mtoto ina weupe, au kwenye picha ya simu jicho moja linang'aa jeupe, nenda hospitali wiki hiyohiyo, inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani, na vyote viwili kuchelewa kunaumiza. Mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao usipotolewa mapema ubongo haujifunzi kuona hata jicho likisafishwa baadaye.

Na watoto wenye ualbino, kofia na mafuta ya jua wazazi wengi siku hizi wanajua, macho ndo yanasahaulika. Wengi wana uoni hafifu, hawajapofuka. Nimekuta watoto wamefundishwa nukta nundu, yale maandishi ya vinundu ambayo wasioona wanasoma kwa vidole, wakawa wanazisoma kwa macho, wameinama pua inagusa karatasi! Huyo anahitaji maandishi makubwa, lenzi ya kukuzia, kiti cha mbele mbali na mwanga wa dirisha, na ruhusa ya kusogelea ubao bila kuomba kila mara.

Mama wa ile simu nilimwambia amkabidhi mtoto kazi ya ualimu, kila jioni afundishe nyumba nzima alama tatu, baba naye akae pale asijifanye amechoka. Siku ya nne alinitumia video. Mtoto amesimama juu ya kigoda, anamrekebisha baba yake vidole.