Hapo pekundu hapana dhahabu

Wiki hii tena. Mzee mmoja mchimbaji kaja na simu ya kioo kilichopasuka, ndani ramani ya rangi rangi aliyouziwa, ya sumaku ya dunia iliyopimwa na satelaiti. "Injinia, hapa pekundu ndipo penye mzigo?" Nikamwambia, mzee wangu, hebu weka kidole. Kidole kikafunika kuanzia Sumbawanga hadi Makambako. Chunya nzima ikawa chini ya kucha.

Narudia kwa mara ya mwisho (najua si ya mwisho). Dhahabu haivutwi na sumaku, wala mawe meupe yanayoibeba kule Lupa, machimbo ya Chunya. Hata tukipita na magnetometa, chombo cha kupima sumaku, tunatafuta mpasuko uliopitisha mshipa, na mara nyingi hapo magnetaiti, madini yenye sumaku, imeliwa, kwa hiyo tunafuata sumaku inapopungua. Hilo limeisha.

Kinachoniudhi ni lile la pili: "Lakini satelaiti ziko juu miaka yote hii, si zimeshaona hadi chini?" La! Swarm, zile tatu za Ulaya zilizorushwa Novemba 2013, huruka zaidi ya kilomita 400 juu yetu. Kutoka kimo hicho, alama ya sumaku ya ganda la dunia iliyo finyu kuliko kilomita 250 hivi, kama safari ya Mbeya hadi Mafinga, inafifia. Ukae juu miaka mia, itafifia vilevile.

Miaka ni ya kupeta, kutenganisha punje na makapi. Kipimo kimoja kimechanganya kila kitu: kiini cha dunia (makumi elfu ya nanotesla, kizio cha sumaku), ganda (nanotesla chache tu) na mikondo ya umeme angani, kama ule unaopita mchana juu ya Ethiopia, kimo cha kilomita 110 hivi. Mikondo hufuata jua na hubadilika hata kwa dakika. Kiini hubadilika polepole, mwaka hadi mwaka. Ganda limetulia. Bila miaka mingi utajuaje nani kasogea na nani katulia? Ndiyo maana hatutupi data za satelaiti za zamani, Ørsted ya 1999 wala CHAMP ya 2000.

Sasa chuya. Makapi hupeperuka, lakini chuya inafanana na punje. Mawimbi mapana ya ganda yamelala juu ya mawimbi mafupi ya kiini, na tunakata karibu na digrii ya 13 au 15 (yaani mawimbi kama 13 au 15 kuizunguka dunia) kwa sababu hatuna kisu kingine. Tunachukua data za usiku uliotulia tukisema ni safi. Si safi kabisa, mikondo mingine hailali. Mimi mwenyewe niliwahi kuona mistari ya kaskazini-kusini nikashangilia Bonde la Ufa. Zilikuwa njia za satelaiti.

Mzee alisikiliza yote, akafuta kioo kwa kanzu, akauliza kama nina magnetometa ya kuazimisha.