Msaada wa gharama za ithibati ya kilimo hai Marekani: dhana potofu na ukweli

Mkulima wa Marekani anayetaka mazao yake yabebe nembo ya kilimo hai ya Wizara ya Kilimo (USDA) hulipa shirika la ithibati, hukaguliwa, na mwaka unaofuata hulipa na kukaguliwa tena. Serikali kuu ina mpango wa kumpunguzia mzigo huo, unaojulikana kwa kifupi kama OCCSP (Organic Certification Cost Share Program). Makaratasi yake si mengi. Wanaokosa pesa zake mara nyingi huwa wameusikia kwa masikio ya jirani.

“Serikali hukulipia cheti.”

Hailipi; hurejesha. Mkulima hutoa pesa zake kwanza, apate cheti, ndipo adai. Asiye na akiba ya kulipa ankara ya kwanza hataokolewa na mpango huu. Cheti chenyewe nacho hakitoki serikalini moja kwa moja: hutolewa na mashirika yaliyoidhinishwa na Wizara, mengine ya binafsi kama CCOF na Oregon Tilth, mengine ya majimbo kama idara ya kilimo ya Washington. Kila shirika lina bei zake, kwa hiyo ni busara kuulizia matatu au manne kabla ya kusaini.

“Unarudishiwa robo tatu ya ulicholipa.”

Hapa ndipo hesabu huharibika. Kiwango kilichozoeleka ni asilimia 75, lakini kina dari: dola 750 kwa kila fungu la ithibati. Aliyelipa dola 800 kwa ajili ya mazao hupata 600. Aliyelipa 1,000 hupata 750. Aliyelipa 1,600 hupata 750 hiyo hiyo, kwa hiyo kila dola inayozidi elfu moja hutoka mfukoni mwake.

Neno la kushika ni “fungu”. Mazao ya shamba ni fungu, mifugo ni fungu, mazao yanayochumwa porini ni fungu, usindikaji ni fungu, na ada za mpango wa kilimo hai wa jimbo, kama ule wa California, huhesabiwa peke yake. Mwenye mboga zilizomgharimu dola 800 na kuku waliomgharimu 600 hudai 600 na 450, jumla 1,050. Akiziwasilisha kama gharama moja ya 1,400 chini ya fungu moja, atakomea 750 na kupoteza dola 300. Basi omba shirika likuandikie ankara inayotenganisha mafungu. Ankara yenye jumla tupu ndiyo inayomrudisha mtu ofisini mara ya pili.

“Risiti yoyote ya shamba hai inafaa.”

Zinazofaa ni ada ya maombi, gharama za ukaguzi pamoja na nauli na posho ya mkaguzi, tozo ya shirika inayokokotolewa kwa mauzo, na gharama za posta. Hazifai mbolea, mbegu, vifaa, ada ya mshauri, ada za uanachama wala faini za kuchelewa kulipa. Ukaguzi wa ziada uliosababishwa na ukiukaji wa kanuni nao haufai, hata ukiwa umeandikwa kwenye ankara moja na ukaguzi wa kawaida.

Tazama pia tarehe. Mwaka wa mpango huanza 1 Oktoba na kuisha 30 Septemba, na kinachoangaliwa ni siku uliyolipa. Ankara ya Agosti iliyolipwa 3 Oktoba imehamia mwaka mwingine. Mwisho wa kupokea maombi umekuwa mara nyingi 31 Oktoba, lakini ulizia tarehe ya mwaka husika.

“Miaka ya mpito nayo inalipiwa.”

Mpito ni kipindi cha kuhama kutoka kilimo cha kawaida: ardhi inatakiwa ikae miezi 36 bila pembejeo iliyokatazwa. Miezi hiyo huhesabiwa kuanzia siku pembejeo hiyo ilipotumika mara ya mwisho hadi siku ya kuvuna zao la kwanza litakalouzwa kama hai. Siku ya kujaza fomu haihusiki. Katika kipindi hicho mkulima hana cheti, na OCCSP hailipi asiye na cheti.

Mkulima aliye kwenye mpito ana mlango mwingine: wakala wa Wizara wa uhifadhi wa maliasili, NRCS, kupitia mpango wake wa EQIP. Huo husaidia kulipia kazi za uhifadhi, kwa mfano mimea ya kufunika udongo, vizuizi vya kinga mpakani na jirani anayepuliza dawa, na hata mpango ulioandikwa wa kuhamia kilimo hai. Ila utaratibu wake umepinduka. Kwa OCCSP unalipa kwanza kisha unadai. Kwa EQIP ukianza kazi kabla ya mkataba kusainiwa, kwa kawaida umejifungia nje. Wengi waliozoea utaratibu wa kwanza hunaswa hapo.

“Ukishapata mara moja, basi.”

Kila mwaka una dai lake, mradi cheti hakijasimamishwa wala kufutwa. Dai hilo halijirudii lenyewe: nenda ofisi ya FSA (wakala wa Wizara wa huduma za wakulima) ya kaunti yako, au idara ya kilimo ya jimbo ikiwa inashiriki, ukiwa na cheti, ankara yenye mchanganuo na uthibitisho wa malipo. Chagua mlango mmoja tu. Gharama ile ile haidaiwi kote kuwili.

“Shamba dogo halina haki.”

Hakuna kima cha chini cha ekari. Kilichopo ni msamaha: anayeuza mazao hai yasiyozidi dola 5,000 kwa mwaka halazimiki kuwa na cheti, ingawa nembo ya Wizara hairuhusiwi kwake. Akibaki kwenye msamaha huo, hana gharama za kurejeshewa.

“Kiwango hakibadiliki.”

Mwaka 2020 kilishushwa hadi asilimia 50 na dari ya dola 500 kwa sababu bajeti ya mpango ilikuwa ndogo, kisha baadaye kikarudi juu. Pesa hutegemea Bunge, na maombi hulipwa kwa kufuatana yanavyofika hadi zinapokwisha. Kwa hiyo piga bajeti ya shamba kana kwamba utalipa ankara yote mwenyewe, na dai lako lipeleke dirisha likifunguliwa, usingoje wiki ya mwisho ya Oktoba.